Nyumba nzima tunakula sinia moja, nitapunguza vipi sukari na mafuta bila ya kugombana na watu?

UmmuSalma_Kwahani

Asalaam alaykum wapendwa. Nna jambo linanikosesha raha na nataka ushauri wa watu walopitia, sio wa kunambia tu punguza mafuta punguza sukari, hayo nshaambiwa.

Wiki ilopita nilimpeleka mama mkwe wangu kliniki ya sukari, tumetoka nyumbani alfajiri hata chai sijanywa, tumekaa foleni mpaka saa nne, nkamwambia nesi kwa vile sijala kitu hebu nipime na mie. Ikatoka 6.4. Akanambia dada hii bado hatujaita sukari lakini si nzuri, rudi baada ya miezi mitatu. Nilirudi nyumbani miguu mizito wallahi. Mama yangu mzazi Mungu amrehemu kafa na maradhi haya haya, miaka yake ya mwisho jicho moja lilikuwa halioni kabisa na mie ndie nlokuwa namkosha na kumlisha, na baba anameza vidonge vya presha mpaka leo. Nna miaka 38, watoto watatu, mdogo ndo kwanza kaanza skuli. Sitaki waje wanilishe mie kama nlivomlisha mama.

Sasa tatizo ni hili. Pale kliniki nilipewa karatasi ina picha ya sahani imegawiwa, nusu mboga, robo wanga, robo samaki au nyama. Vizuri, lakini sie hatuli kwenye sahani, tunakula sinia, watu saba, wali unamiminwa katikati na mchuzi juu yake, nani atapima robo yake pale? Na mpishi wa nyumba ndo mie, nikipika cha peke yangu mama mkwe atasema nimeanza kujitenga, na mume wangu ashasema yeye hali chakula cha spitali.

Tunachokula kwa siku: asubuhi chai ya maziwa, sukari inakorogwa ndani ya birika huko huko jikoni, na mandazi au chapati, siku nyengine boflo na siagi ya kopo. Mchana wali wa nazi au wali mweupe na mchuzi wa samaki, juisi lazima iwepo. Jioni chai tena. Usiku wali uliobaki, au muhogo, au mtu anatumwa urojo. Mboga tunapika lakini kidogo, kibakuli kimoja cha mchicha kwa watu wote saba. Ijumaa pilau na soda.

Nilijaribu kununua vile vyakula wanavosema vya afya supamaketi, apple na shayiri ya kwenye boksi na brauni bredi, siku tatu pesa ya wiki nzima imekwisha. Na juu ya nazi kila nnaemuuliza ananambia lake, mmoja anasema ni sumu mmoja anasema ni dawa. Nianzie wapi jamani?

---

Muuguzi_Chake

Waalaykum salaam dada. Pole kwa mama na hongera kwa kupima bila ya kuumwa, wengi tunaowaona huku Pemba wanakuja kidonda cha mguu kishaoza.

Nianze na hio 6.4 yako. Kwa alofunga kula usiku kucha, chini ya 6.1 hatuna wasiwasi nayo sana, 6.1 mpaka 6.9 ni pale katikati ulipo wewe, 7.0 kwenda juu ikirudiwa siku nyengine ikatoka hivo hivo ndo tunasema mtu ana kisukari. Watu wengi waliopo katikati wanaweza kurudi nyuma au kukaa hapo hapo miaka mingi, kwahiyo usijione mgonjwa, ila miezi mitatu ikifika nenda, usikae sita.

Mimi ningekuwa wewe nisingegusa sinia kwanza. Ningeanza na birika. Hebu tupige hesabu, kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Mtu anakunywa vikombe vitatu kwa siku na nyumba zetu nyingi kikombe ni vijiko vitatu, hivo ni vijiko tisa, gramu 36. Zidisha siku 30, ni kilo moja na zaidi kwa mwezi, mtu mmoja, chai peke yake, hatujatia juisi wala mandazi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza kwa siku ingekuwa bora isizidi kama gramu 25, vijiko sita, na hapo ni pamoja na ilomo kwenye juisi na soda na biskuti. Chupa ya soda ya mililita 350 tu ina karibu vijiko tisa. Na kama maziwa yenyewe ni yale mazito matamu ya kopo, karibu nusu ya kopo ni sukari.

Fanya hivi, kuanzia kesho birika litoke jikoni halina sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. Hapo hujamkataza mtu. Sukari ikitiwa jikoni hakuna anaejua kala kiasi gani, akitia mwenyewe anaona mkono wake. Wewe punguza nusu kijiko kila wiki, usiache siku moja kwa sababu utarudi. Ulimi unazoea, wiki tatu nne chai ya zamani utaiona kama sharbati. Na chai yako izidishie iliki, mdalasini, mchaichai, tangawizi, sie tuna bahati vitu hivi viko uani kwetu, chai yenye viungo vingi haidai sukari nyingi.

Jambo jengine wanalosahau watu, hasa wenye mimba na wasichana, chai usinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yalomo kwenye mboga na maharage. Ngojea kama saa moja. Ndimu ndo inayosaidia, kamulia kwenye mchicha.

---

BiMkubwa_Wete

Mwanangu UmmuSalma, nimesoma maneno yako nimeona huruma. Mie nna miaka 67 na sukari nnayo mwaka wa kumi na moja sasa, mjukuu wangu ndie anaeniandikia haya nnayosema.

Hilo la sinia usiogope. Sinia halina kosa, kosa ni kilichomo ndani yake. Sie tulipokuwa wadogo huku Pemba tulikula sinia hilo hilo lakini wali haukuwa kila siku, wali ulikuwa wa wageni na sikukuu. Siku nyengine ni muhogo, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, mkate wa mtama, uji wa mtama, kunde. Na tulikwenda shamba kwa miguu asubuhi tukarudi na kuni kichwani. Sasa wali mchana wali usiku na mtu kakaa.

Nifanyavyo mie kwangu, napika mseto. Mchele nusu na choroko nusu, au choroko zaidi kidogo. Sinia linajaa vile vile, mkono wa kila mtu unachukua tonge ile ile alozoea, lakini ndani ya tonge mchele ni nusu tu. Hapo usipime robo wala nini, ushapima tangu kwenye chungu. Siku nyengine kunde, siku nyengine mbaazi. Mume wako atakula, mseto si chakula cha spitali, mseto kaukuta kwa mama yake.

La pili, mboga itangulie. Usiilete pamoja na wali maana wataiacha pembeni. Weka bakuli kubwa la mchicha au kisamvu au matembele na kachumbari ya matango na nyanya, watu wanawa mikono wanaanza kula hio wakati wali bado uko jikoni, wana njaa wataila. Wali ukifika njaa ishapungua. Nilifundishwa hilo na daktari mmoja kijana na kipimo changu cha baada ya kula kimeshuka tangu nifanye hivo. Kibakuli kimoja kwa watu saba mwanangu ni kidogo mno, hata mtu akitaka kula zaidi haipo.

Nazi nayo. Mie siwezi kukwambia uache nazi, nchi hii hii na minazi ile nje. Lakini wanawake wa siku hizi wanapika nazi nne kwenye chungu kimoja, wanachuja kasimele, lile tui zito la kwanza, lote wanamwaga ndani halafu na mafuta ya kukaangia kitunguu juu yake. Mama yangu nazi moja alikuna ikatosha watu wanane, mchuzi unapikiwa tui jepesi lile la pili, kasimele kidogo tu mwisho kwa harufu. Fanya hivo. Kasimele liweke la Ijumaa.

---

Muuguzi_Chake

Bi Mkubwa umenifurahisha, na la kutanguliza mboga ni kweli kabisa, mboga na samaki wakitangulia tumboni sukari ya wali haipandi kwa kasi ile.

Niongeze kidogo la nazi kwa sababu dada kauliza. Si sumu si dawa. Mafuta yake zaidi ya sehemu nane kwa kumi ni ya aina ile inayoganda, na mafuta ya aina hio yakizidi yanapandisha kolestro mbaya inayoziba mishipa ya moyo. Anaesema unywe mafuta ya nazi kijiko kila asubuhi utapona moyo, usimsikilize. Lakini mchuzi wa tui jepesi mara mbili tatu kwa wiki, pamoja na samaki na mboga, sioni tabu, hasa ukilinganisha na mandazi yalokaangwa kila siku asubuhi.

---

Dawa_Asili_Nungwi

Nyote mnazunguka tu. Sukari dawa yake ipo, mdalasini kijiko kimoja na habasoda kijiko kimoja na asali, asubuhi kabla ya kula chochote, siku 40. Mimi namjua mtu kaacha vidonge vya spitali kabisa na yuko mzima anacheza mpira. Mwambie mama mkwe wako ajaribu hatopoteza kitu.

---

Muuguzi_Chake

Kaka yangu wa Nungwi, nakuheshimu na naamini unataka kusaidia, lakini hili siwezi kulipita kimya. Atapoteza kitu. Ammi yangu mwenyewe, ndugu wa baba khasa, aliambiwa maneno haya haya na mtu alokuwa akiuza chupa, akaacha vidonge miezi mitano. Alijisikia mzima kweli, kwa sababu sukari ikipanda polepole haiumi. Mwezi wa sita kajikwaa kwenye jiwe, kidole kikageuka cheusi, mguu ukakatwa chini ya goti. Hata mwaka hakumaliza.

Mdalasini tia kwenye chai, habasoda tia kwenye mkate, ni vyakula vizuri na vina harufu nzuri. Ila havichukui nafasi ya dawa alopewa mgonjwa, na asali ni sukari vile vile, mwili hauijui kwamba imetoka kwa nyuki. Mwenye vidonge asiache wala asipunguze bila ya kusema na anaemtibu. Na mtu anaetumia dawa akipunguza wali na sukari kwa wingi ghafla nae aseme kliniki, maana dawa ile ile inaweza kumshusha sana akatetemeka na kuanguka. Dada UmmuSalma hili la mwisho ni la mama mkwe wako, utakapobadilisha chungu uwaambie.

---

Abdalla_Malindi

Salaam. Mimi nauza samaki pale soko la Malindi hapa Unguja miaka mingi, nizungumze ninachokijua. Watu wakisikia samaki wa afya wanafikiri nguru mkubwa, changu mkubwa, wa bei. Aa wapi. Samaki mwenye mafuta yale mazuri ya moyo ni vibua, dagaa, jodari, hao wa bei rahisi wanaodharauliwa. Kibua akiwa mwingi fungu linakuwa bei ya chini na nyumba ya watu saba inakula. Dagaa unamla na mifupa yake kwahiyo unapata na madini ya mifupa, watoto wape.

Lakini mnavomfanya sasa. Mtu ananunua kibua mzuri kabisa anakwenda kumzamisha kwenye mafuta yalokaangiwa mara nne, meusi kama oili chafu. Hapo ushaharibu. Mchome kwenye mkaa, mpake ndimu, kitunguu thomu, pilipili, tangawizi na chumvi chembe. Au mpike mchuzi wa ukwaju usio na mafuta mengi. Mafuta ukikaangia yakaanza kutoa povu na moshi na kunuka, mwaga, usiyahurumie.

Jengine ng'onda. Wazee wetu wenye presha wanapenda ng'onda sana, papa mkavu, nguru wa chumvi, na mie nawauzia siwezi kusema uongo, lakini chumvi ile ndo ilomhifadhi samaki usidhani imekwenda popote. Mrowanishe usiku kucha, maji mwaga, asubuhi maji mengine, mchemshe maji mwaga tena, halafu ndo umpike na usitie chumvi tena kwenye mchuzi. Ladha haipotei. Na mwenye presha kweli kweli amle mara moja moja tu. Dada UmmuSalma, baba yako mpelekee mbichi.

---

Kijana_JangOmbe

Nnasoma hapa kimya kimya tangu jana na nimeona niseme kwa sababu vijana tunadhani haya ni ya wazee. Nna miaka 31. Mwaka jana nilikwenda kuchangia damu wakanipima presha 162 kwa 104, wakanikatalia wakanambia nenda kwa daktari. Naendesha bodaboda, chakula changu kilikuwa chipsi mayai mchana, urojo jioni na kachori na bajia, supu ya pweza usiku, na zile enaji dirinki mbili tatu ili nisisinzie. Kumbe chumvi kila mahala. Daktari alinambia mtu mzima chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai, pamoja na ya kwenye mkate na chipsi na kile kidonge cha supu wanachotia watu kwenye mchuzi. Mie kijiko hicho nilikuwa nakimaliza kabla ya adhuhuri.

Nilichobadilisha ni kidogo lakini nimekishikilia, enaji nimeacha kabisa, asubuhi nakula muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha na maharage kwa mama mmoja hapa mtaani, chipsi mara moja kwa wiki na siongezi chumvi juu, urojo naula Ijumaa. Maji natembea nayo kwenye chupa. Kahawa chungu barazani naendelea, haina sukari, ila kashata siichukui na baada ya isha sinywi kwa sababu nilikuwa silali. Kipimo cha mwisho 134 kwa 86, na kidonge kimoja nameza. Pimeni jamani, presha mara nyingi haina dalili, mie nilikuwa najihisi simba.

---

UmmuSalma_Kwahani

Allah awalipe nyote, nimesoma kila neno na nimemsomea mama mkwe pia, la ammi yake Muuguzi limemliza. Kaka wa Nungwi usinifikirie vibaya lakini hilo mie sitolifanya.

Nna suali moja la nyongeza, juisi. Mume wangu anasema juisi si soda, hii ni matunda tumetengeneza wenyewe, tena watoto wanaipenda. Msimu wa mabungo huu nyumba nzima ni juisi ya mabungo.

---

Shamba_Mwera

Dada mimi nalima matunda, sina sababu ya kumkataza mtu tunda hata moja, lakini juisi nna maneno nayo.

Embe moja ukilila na kisu unashiba. Ukitaka gilasi moja ya juisi unatia maembe mawili kwenye blenda, unachuja makapi unatupa, unatia sukari, unakunywa kwa dakika moja na bado unataka kula. Yale makapi ulotupa ndo yanayoizuia sukari isikimbie kuingia kwenye damu. Kwahiyo tunda ni tunda na juisi ni kitu chengine. Bungo nalo ni kali, halinyweki bila ya sukari, angalia mwenyewe jagi moja unatia vijiko vingapi vikubwa, pima siku moja tu uone. Juisi ya miwa usinambie kitu, ile ni sukari yenyewe kabla haijapelekwa kiwandani.

Kwangu tumefanya hivi, juisi ni Ijumaa na wageni wakija. Siku nyengine mtungi wa maji unatiwa vipande vya ndimu au machungwa na majani ya mchaichai, watoto walinuna wiki ya kwanza wakazoea. Dafu sawa, moja kwa siku si mbaya kwa mtu mzima wa afya na sukari yake ni kidogo kuliko soda, ila mwenye maradhi ya figo aulize kwanza kwa daktari, dafu lina potasiamu nyingi. Na matunda baada ya chakula kila siku, papai, pera, chungwa, balungi, shokishoki wakati wake. Pera hasa, watu wanalipita tu njiani linaoza chini ya mti, na ndo tunda moja bora tulilonalo. Haya yote yako soko la Mwanakwerekwe na la Jumbi kwa bei ambayo apple moja ya supamaketi unanunua fungu zima.

Halafu mbona hakuna alotaja kutembea? Baada ya kula usiku zunguka mtaa dakika kumi na tano, sukari ya chakula kile inatumika na misuli badala ya kukaa kwenye damu. Mke wangu na jirani zake wanatoka pamoja baada ya isha, baibui lao na raba zao, wala hawaoni haya.

---

BiMkubwa_Wete

Na Ramadhani mwanangu usisahau, ndo mwezi watu wanaoharibikiwa zaidi. Mtu kafunga kutwa, akifungua ni tambi za sukari, vibibi, sambusa, kachori, katlesi, uji wa sukari, juisi mbili, halafu daku wali. Tende tatu na maji, supu ya mboga, muhogo kidogo na samaki, baadae ukaswali ukarudi ukala kwa utulivu, kiwiliwili kinashukuru. Na mwenye dawa aende kliniki kabla ya mwezi kuingia wamwambie kama anaweza kufunga na dawa azigawe vipi. Mie mwaka mmoja nilifunga kwa ubishi nikaanguka msalani, sifanyi tena.

---

UmmuSalma_Kwahani

Asalaam alaykum, nimerudi. Ni wiki ya tisa leo tangu niandike hapa na niliahidi moyoni kwamba nitaleta habari, nzuri au mbaya.

Birika lilinipa tabu siku mbili tu. Shemegi yangu alisema chai hii ya msiba, lakini bakuli la sukari lipo mbele yake akatia nne. Wiki ya pili akatia tatu bila ya kuambiwa. Mume wangu yuko kwenye kimoja na nusu, mie nusu kijiko, siku nyengine sitii kabisa. Nilikuwa nanunua kilo mbili za sukari kila wiki, sasa kilo mbili zinafika wiki ya tatu, na pesa ilobaki naitia kwenye mboga na vibua, kwahiyo ile hesabu yangu ya kwamba chakula cha afya ni ghali ilikuwa si kweli, nilikuwa nanunua kitu sicho.

Mseto wamekula mpaka sinia likakwanguliwa. Mama mkwe alikaa kimya halafu akasema hajala mseto namna hii tangu mama yake kafariki, akaanza kunielekeza yeye jinsi ya kupika kunde za nazi kwa tui jepesi. Sasa jikoni tuko wawili, zamani nilikuwa peke yangu. Kliniki nilikwenda nae nikawaeleza tulichobadilisha kama alivosema Muuguzi, wakamtazama vipimo wakampunguzia dawa moja.

Mandazi sijaweza kuyaacha kabisa nisiseme uongo, ni mara mbili kwa wiki, siku nyengine muhogo au viazi vitamu na mbaazi. Mboga itangulie, hilo linafanyika mchana, usiku wakati mwengine nachoka. Juisi imekuwa ya Ijumaa na mtoto wangu wa kati analia nayo mpaka leo, baba yake alimnunulia soda kwa siri nikaona chupa chini ya kitanda, tulizungumza usiku ule kwa upole na akanambia yeye anaogopa pia, baba yake mzazi nae alikuwa na sukari, na mume wangu hakuwahi kunambia kwamba anaogopa. Kesho yake alfajiri alikwenda kupima mwenyewe bila ya kunywa chai. Yake 5.6.

Yangu nitapima mwezi ujao miezi mitatu ikitimia. Kutembea natembea na jirani zangu wawili, tunazunguka mpaka Mikunguni tunarudi.

Suali langu la leo ni jepesi. Mama mkwe anataka tupike mkate wa mofa wa mtama kama wa zamani, mie nlojaribu ulikatika katika ukawa kama mchanga, na unga wenyewe ulikuwa na uchungu. Nimekosea wapi?

---

BiMkubwa_Wete

Uchungu ni unga wa zamani, ushakaa dukani. Nunua mtama wenyewe, upete, uoshe, uanike, upeleke mashine usagiwe ukiwa unaangalia. Na kukatika ni kwa sababu umekandia maji baridi. Maji yawe ya moto, kanda kidogo kidogo, ufunike kwa kitambaa chepesi usiku kucha uchache, asubuhi ndo uchome. Hilo mama mkwe wako atakuwa analijua, muulize alisahau nini.